Mita 60 za mto siyo za kufungia watu nje

Jumamosi tena, kikao cha mtaa, mzee mmoja ninayemheshimu sana kasimama: "Mita 60 za mto haruhusiwi mtu kukanyaga, wekeni fensi tumalize." Makofi. Nimeisikia hii kauli mpaka nimechoka, acha niandike.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 za mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu kingo. Nyumba, karakana, choo cha shimo, hivyo sahau. Ila mama anayempeleka mtoto shule kwa miguu pembeni ya mto Naura hapa Arusha siyo shughuli ya kudumu jamani! Na hizo mita 60 zinapimwa kuanzia ukingoni, siyo katikati ya maji. Najua inauma, kiwanja cha 20 kwa 30 kilichopakana na mto kinamezwa chote pamoja na cha nyuma yake. Fidia nitaandika siku nyingine.

Sasa fensi. Sensa ya 2012 Jiji la Arusha tulikuwa 416,442, ya 2022 tukawa 617,631, na viwanja vya wazi ndo hivyo vimejengwa, kilichobaki ni mabonde ya mito ya Themi, Naura, Ngarenaro. Ukiyazungushia wavu na geti moja umewanyima watu sehemu pekee waliyobaki nayo. Kuna mradi niliwahi kufanya, tukaweka wavu mzuri kabisa, geti moja upande wa barabara kubwa kwa sababu ndo gari la wageni litapaki. Hazikuisha wiki tatu wavu umekatwa sehemu nne. Tukashona, wakakata palepale. Nikaenda asubuhi nikakaa karibu na tundu moja nikakuta ncha za waya zimekunjwa ndani na kufungwa kipande cha kitenge, ili zisichane sare za watoto, na mama mmoja akaja na beseni la ndizi, akalipitisha kwanza, akainama, akapita, akajitwika, akaenda zake sokoni. Yaani yale matundu manne ndo mageti tuliyotakiwa kuchora tangu mwanzo! Kabla ya kuchora chochote nenda kaangalie nyasi zimekufa wapi kwa kukanyagwa. Na fensi haileti usalama, anayekuvizia anapenda mahali penye njia moja ya kutokea na hapapiti watu.

Mteremko nao watu wanausahau. Njia ya kiti cha magurudumu inataka urefu wa mita 12 kwa kila mita 1 ya kushuka, kwa hiyo ukingo wenye kimo cha mita 3 unahitaji njia ya mita 36, ukiongeza sehemu za kupumzikia ni zaidi. Huwezi kuishusha moja kwa moja mtoni, unailaza sambamba na maji, na hapo ndo upana wa zile mita 60 unakusaidia. Ngazi za udongo usiniambie, masika moja tu zimeondoka.

Kinachonisumbua mimi mwenyewe ni bodaboda. Kiti cha magurudumu kinataka upenyo wa kama sentimita 90, na penye 90 boda inapita bila hata kupunguza mwendo. Nimejaribu nguzo, nimejaribu kona kali, boda wanapita na mama mwenye pacha mgongoni na mkononi ndo anakwama. Sijapata jibu, na kwa sasa nikilazimika kuchagua naacha pawe wazi, boda tutagombana nao mtaani.