Mikaeli si "aliye kama Mungu"

Hudhuria sherehe tatu nne za ubatizo au kipaimara, hutakosa mshereheshaji mmoja wa kutangaza kwamba kijana wetu anaitwa Mikaeli, maana yake "aliye kama Mungu". Vigelegele vinapigwa, na kadi za mwaliko nazo zimechapwa hivyohivyo. Waebrania wa kale wangelisikia hilo wangeshika vichwa, maana jina linasema kinyume chake kabisa.

Kwa ufupi, majina mengi ya Kiebrania cha kale ni sentensi fupi iliyobeba jina la Mungu. Jina hilo huwa ama El, yaani Mungu, ama Yahu, kifupi cha Yahwe (Yehova), ambalo mwishoni huweza kubaki Yah na mwanzoni huwa Yeho au Yo. Nathanaeli ni "Mungu ametoa". Yonathani ni kitenzi hichohicho cha kutoa, ila mtoaji ametajwa kwa jina la Yahu na kuwekwa mbele. Yoeli na Eliya wamegeuziana tu vipande: "Yahu ni Mungu", "Mungu wangu ni Yahu". Katika majina haya anayesifiwa ni Mungu, si mwenye jina. Danieli hakuitwa mwamuzi. Anayeamua ni El.

Sasa Mikaeli. Mi ni "nani", ka ni "kama", El ni Mungu. Nani kama Mungu? Ni swali, tena lile lisilongoja jibu kwa kuwa kila mtu analijua. Mama akijifunga kanga iliyoandikwa "Nani kama mama", hakuna anayeelewa kwamba yupo mtu fulani aliye kama mama. Ukiliondoa "nani", umelitupa neno linalobeba jina zima, na kilichobaki ni kufuru ambayo mzazi hakuikusudia.

Wala jina halikuanza na malaika mkuu. Katika Hesabu 13, kwenye orodha ya wapelelezi, wa kabila la Asheri ni Sethuri mwana wa Mikaeli: baba wa mtu, raia wa kawaida. Ndugu yake jina hili ni Mikaya, ambalo likikatwa huwa Mika, yaani swali lilelile kwa Yahu. Nabii Mika anakifunga kitabu chake karibu na jina lake mwenyewe: "Ni nani aliye Mungu kama wewe" (7:18). Msomaji wa Kiebrania hawezi kulikosa. Na yupo Mika mwingine, wa Waamuzi 17, ambaye Kiebrania kinamwita kwa urefu Mikayehu. Huyo jina lake linauliza nani kama Yahu, na nyumbani kwake kuna sanamu ya kuchonga. Sidhani mwandishi aliliandika jina hilo refu kwa bahati mbaya.

Waashuri nao waliuliza hivyohivyo, kwa mungu wao. Katika karne ya 8 KK mji wa Guzana, kaskazini mwa Siria ya leo, ulikuwa na liwali aliyeitwa Mannu-ki-Ashur, "Nani kama Ashur?" Kuita watoto hivyo lilikuwa jambo la kawaida katika lugha za ukoo mmoja na Kiebrania, na hakuna aliyemdhania liwali kuwa ni mungu.

Wapo pia wanaoruka upande wa pili, wakiona "-eli" mwishoni wanatia Mungu. Raheli ni kondoo jike. Yaeli, yule mwanamke wa Waamuzi 4 aliyemuua Sisera kwa kigingi cha hema, ni mbuzi wa milimani. Sauti inafanana na El masikioni mwetu, lakini tahajia ya Kiebrania ni nyingine.

Ajabu ni kwamba huku kwetu wapo walioipata kanuni hii barabara bila kufundishwa Kiebrania. Familia za Kilimanjaro na Upare zinazoita watoto Elirehema, Elineema au Elisante zimeunga El na neno la Kiswahili, na hakuna anayesema Elirehema ndiye mwenye kurehemu dunia.

Basi mwenye Mikaeli nyumbani asihangaike kulibadilisha, jina ni zuri mno. Akiulizwa maana yake, ajibu "Nani kama Mungu?", na sauti aipandishe mwishoni.