Kutabiri ndoto si kutabiri mvua

Juzi nilikuwa saluni nasubiri zamu yangu, na dada mmoja aliyekuwa anasukwa akasimulia ndoto yake. Meno yamemng'oka yote, anayatema kiganjani kama punje za mahindi. Hajafika mwisho, binti aliyekaa pembeni kishafungua simu na kusoma kwa sauti: meno kung'oka ni msiba nyumbani. Yule dada akatoka nje na nywele nusu, akampigia mama yake Pangani. Mama mzima, yuko uani anapepeta mchele. Akarudi kukaa, na kabla mstari wa pili haujaisha akapiga tena.

Nimeyaona haya mara nyingi mno, na neno linalotumika ni lile lile: eti ndoto "imetabiriwa".

Kutabiri ndoto, au kuiagua, ni kutafuta maana ya kilichoonekana usingizini: ile picha inasimamia kitu gani, na hisia iliyokuja nayo imetoka wapi katika maisha ya aliyeota. Hiyo ndiyo maana yake. Kusema nani atakufa na lini ni kazi nyingine, na tumezichanganya kwa sababu ya neno lenyewe.

Tabiri limetoka katika Kiarabu, taabir, na huko tangu zamani hutumika kwa kueleza ndoto. Katika Sura Yusuf, aya ya 43, mfalme aliyeota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda anawauliza wakuu wake kama wanaweza kuieleza ndoto yake, na kitendo kilichomo humo ni cha mzizi huo huo. Mzizi wenyewe maana yake ni kuvuka, kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Sisi tunaujua vizuri sana bila kujua kwamba tunaujua: anayeabiri chombo anavuka maji, na abiria ni yule aliyepakiwa avushwe. Kwa hiyo mtabiri wa ndoto ni mtu wa kivuko. Anaipokea ndoto ukingo wa usiku, iko katika mavazi yake ya meno na nyoka na mafuriko, anaivusha hadi ukingo wa mchana ambako mwenye ndoto anaishi, anadaiwa, anapenda, anaogopa. Na hakuna anayevusha abiria bila kumuuliza anakwenda wapi.

Kiswahili kikalichukua neno hilo na kulipanua. Likawa la manabii, likawa la wanajimu, na leo tunalisikia kila jioni baada ya taarifa ya habari: utabiri wa hali ya hewa, mvua kubwa mikoa ya Pwani. Sina ugomvi na mvua. Ugomvi wangu ni kwamba maana mpya imerudi nyumbani ikamfukuza mwenye nyumba. Siku hizi mtu akisikia "kutabiri ndoto" anafikiri ndoto nayo ni wingu, ukiliangalia vizuri utajua kitakachonyesha kesho.

Wengine wamelikimbia neno hilo wakashika "tafsiri ya ndoto". Nalo zuri kwa asili yake, maana tafsiri ni kufafanua, kama tafsiri ya Kurani. Lakini sikio la leo likisikia tafsiri linafikiria kamusi: neno la lugha hii upande mmoja, neno la lugha ile upande wa pili. Nyoka, adui. Samaki, mimba. Meno, msiba. Ishara haikai hivyo. Nyoka wa mtu aliyeng'atwa utotoni akilima mpunga na nyoka wa mtu aliyemwona kwenye picha tu hawawezi kuwa nyoka mmoja.

Na hili si jambo jipya lililoletwa na wasomi wa mbali. Waislamu wa pwani wanamtaja sana Ibn Sirin, mwanazuoni wa Basra, aliyefariki mwaka 729, na vitabu vingi vya ndoto vinauzwa kwa jina lake ingawa wanazuoni wengi wanaona vilikusanywa na watu wengine baada yake. Kisa kinachosimuliwa sana kumhusu ni cha watu wawili waliomwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akaambiwa atahiji. Mwingine akaambiwa atashikwa kwa wizi. Alipoulizwa, akasema kwa yule wa kwanza aliona alama za wema, akakumbuka aya ya kuwatangazia watu Hija. Kwa wa pili hakuziona, akakumbuka mnadi wa Sura Yusuf aliyewaita watu wa msafara kuwa ni wezi. Ni kweli hapo alisema na yajayo. Lakini angalia alichokitazama: mtu kwanza, kisha ndoto. Mgiriki Artemidorus, aliyeandika kitabu cha kuagua ndoto karne ya 2, alishasisitiza vivyo hivyo, kwamba muaguzi amjue aliyeota ni nani, anafanya kazi gani, ana mali kiasi gani, afya yake ikoje, ana umri gani. Hao ndio wanaosingiziwa kuwa mababu wa orodha za kwenye simu.

Kuna mafundisho ya Mtume yanayogawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni inayoletwa na shetani, na yale ambayo mtu anajizungumzia nafsini mwake. Mafungu mawili ya mwanzo nawaachia wenye elimu yake, sina la kuongeza. Fungu la tatu ndilo la wengi wetu usiku mwingi, na ndilo linaloumia zaidi kwa orodha hizi.

Hapo pia kuna msemo mmoja unaonikera: "hisia zilizofichika katika ndoto". Mara nyingi hisia haijafichika hata kidogo. Sigmund Freud, daktari wa Austria, katika kitabu chake cha ndoto kilichotoka Vienna mwishoni mwa 1899, aliona kwamba picha za ndoto hubadilishwa na kuhamishwa, ilhali hisia hubaki ilivyo. Mengi aliyosema yamepingwa tangu hapo, lakini hilo bado linafaa kukumbukwa. Ernest Hartmann, daktari wa Marekani aliyechunguza ndoto za watu waliopatwa na makubwa, alieleza jinsi aliyenusurika moto anavyoweza kuota wimbi kubwa la bahari likimfunika, moto wenyewe asiuone. Wimbi ni la kubuni. Kuzidiwa ni kwa kweli. Kilichojificha ni chanzo, na ukitaka kukifikia unashika hisia kwanza, kwa kuwa ndiyo kitu pekee kilichovuka usiku bila kubadili nguo.

Basi nikamuuliza yule dada swali ambalo hakuna aliyemuuliza: "Mdogo wangu, meno yalipokuwa yanatoka, moyo wako ulikuwaje? Uliogopa?"

Akafikiri. "Hapana. Niliona haya. Nilikuwa najifunika mdomo na kanga watu wasinione."

"Watu gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akawataja mmoja mmoja. Ni wenzake wa kikoba. Kikao ni Jumamosi, na rejesho lake la miezi miwili hajalipata.

Binti mwenye simu alikuwa anasikiliza. Sikutaka kumtahayarisha, nia yake ilikuwa njema. Nilimwambia tu: mwanangu, ulichomfanyia dada yako ni kubashiri, na kubashiri kuna neno lake. Kutabiri kunaanza na mwenye ndoto. Mtu akikuletea ndoto kesho, iweke simu chini umuulize moyo wake ulikuwaje, halafu umwache aongee hadi achoke.