Mtoto Akiitwa Ajibuje?

Wazazi wengi wanaofika kwetu, maafisa ustawi wa jamii hapa Kigoma, huja na lalamiko hili: mtoto ananijibu ovyo. Akiitwa anasema "Nini!" Akitumwa dukani anasonya. Akikanywa anabetua midomo na kuondoka akiburuza ndala. Ukimuuliza mzazi amemfundisha nini, atakwambia, "Kila siku namwambia awe na adabu." Basi hapo ndipo penye kasoro. Mtoto wa miaka sita akiambiwa "uwe na adabu" hajui afanye nini. Apewe maneno yenyewe, ayasikie, ayarudie mpaka yamzoee mdomoni.

Tuchukue jambo la jioni. Mama yuko jikoni, moshi unamwingia machoni, dagaa ziko motoni. Anamwita binti yake anayecheza rede kwa jirani. Binti anaitika, "Nini!" Mama anapandisha sauti: "We mbwa, nakuita unaniambia nini?" Mtoto ananuna, dagaa zinaungua, na kesho mambo ni yale yale. Katika kelele zote zile hakuna aliyemwambia aitikeje. Alichokishika ni lile tusi la mbwa, na usiku huohuo atamtupia mdogo wake.

Ni heri kumrudisha alikotoka. Vuta pumzi, mwangalie, kisha mwambie kwa sauti ya kawaida: "Hapana. Nikikuita unaitika 'Abee, mama.' Haya, rudi pale, nakuita tena." Muite. Akiitika vizuri, mpokee: "Ahsante mwanangu, niletee chumvi." Yaishe hapo, bila hotuba. Utarudia leo, utarudia kesho, na siku nyingine utachoka kabisa. Rudia hivyo hivyo.

Mfundishe pia namna ya kukataa na kulalamika, maana hapa wazazi wengi tunaparuka. "Baba, naomba nimalize zoezi hili kwanza." "Mama, samahani, si mimi niliyevunja." Mtoto asiyepewa maneno ya namna hii atajibu kwa jeuri au atanyamaza kimya. Huyu wa kunyamaza ndiye anayetutia hofu zaidi. Amezoeshwa kuwa mkubwa hapingwi kamwe, kwa hiyo siku mtu mzima akimshika vibaya, hatathubutu kukataa wala kuja kukusimulia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaona yote mawili. Kifungu cha 15 kinamtaka mtoto awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa zake. Kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Na kwa wale wanaokimbilia fimbo, kifungu cha 13 kinataka adhabu ilingane na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Kama bado ni mdogo mno kuelewa anaadhibiwa kwa nini, hakuna adhabu inayohalalishwa. Wakumbukwe hapa watoto wa miaka miwili, mitatu, wanaojitupa chini wakilia "Sitaki!" Huyo hana kiburi. Ndiyo kwanza anagundua kwamba naye ana matakwa yake, na maneno ya kuyasema bado ni machache.

Mila zetu zinatusaidia, tukizitumia. Mtoto anayeamka na kuwaamkia wakubwa, kwa "shikamoo" au kwa "mwakeye" ya Kiha, ameianza siku kwa ulimi laini. Utani wa bibi na mjukuu nao usiogopwe. Bibi akimwita mjukuu "mume wangu", naye akajibu "umezeeka, naoa mwingine", huo ni utani na una mahali pake. Akija kumtolea mama yake maneno ya namna hiyo, mwambie tu kwamba hayo ni ya kwa bibi. Watoto huelewa tofauti hiyo mapema kuliko tunavyodhani.

Sasa kina baba. Kwenye mialo yetu ya Kibirizi na Katonga, wavuvi wa dagaa hutegemea mwanga wa taa kuwavuta dagaa usiku, hivyo mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika nyumbani. Kwa watoto wengi hizo ndizo siku za kumwona baba kwa utulivu, na inasikitisha anapogeuzwa hakimu wa makosa yote ya majuma yaliyopita: "Subiri baba yako aje!" Akae nao, wale pamoja, awasikilize. Aombe maji kwa mkewe kwa neno "tafadhali", na watoto wasikie. Akimkaripia mtoto kwa kosa lisilo lake, amwambie, "Samahani mwanangu, nilikuonea." Hapungukiwi heshima. Mtoto atajuaje kuomba radhi kama hajawahi kuombwa?

Lipo jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Mtoto aliyekuwa msikivu akibadilika ghafla, akawa mkali wa maneno au mzito wa kusema, usianze na kipigo. Mkae mahali penye utulivu, umuulize pole pole na uyaamini machozi yake. Huenda anaonewa shuleni, huenda anaumwa, huenda kuna mtu anamfanyia ukatili. Ukishindwa, fika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, mfundishe.