Nifute logi? Logi ipi?

Diski ya seva ya hifadhidata ikijaa, hakosekani wa kusema "futa logi". Juzi saa nane usiku kijana wa zamu aliniandikia: "Kaka, diski imefika asilimia 98, nifute logi?" Nikamwomba anionyeshe folda. Akaniletea orodha ya mafaili yenye majina kama 000000010000000A000000F3, kila moja megabaiti 16. Nashukuru aliuliza kwanza.

Logi ni kumbukumbu ya matukio kwa mfuatano wake. Taabu ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa vitu viwili.

Asili yake ni baharini. "Log" ni gogo: mabaharia wa Kiingereza walitupa majini kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi mpaka chupa ya mchanga iishe, kisha wakaandika mwendo daftarini. Daftari likarithi jina la gogo. Kiswahili cha mabaharia kina neno lake, batli: kutia batli ni kupima mwendo wa chombo, na daftari lenyewe pia ni batli. Nalipenda neno hili, maana linatutenganishia mambo.

Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyo kwenye seva ile, batli ni WAL (write-ahead log, logi inayotangulia kuandikwa), ndiyo yale mafaili ya megabaiti 16. Kila badiliko la data huandikwa humo kabla ya kufika kwenye faili la jedwali. Umeme ukikatika, seva ikiamka husoma humo ijue ilikuwa imefika wapi. Ukiifuta kwa mkono, huenda isiwake tena. Logi ya ujumbe ni nyingine kabisa: makosa, nani kaingia, ombi lipi limechelewa. Hiyo izungushe kila siku, yaani ianze faili jipya, futa za zamani, na usiandike kila ombi. Andika yanayozidi muda uliouweka, diski ipumue.

Zamani folda ya batli iliitwa pg_xlog na ya ujumbe pg_log. Watu waliona "log" wakafuta. Toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha ya kwanza kuwa pg_wal.

Kwa hiyo, mdogo wangu, WAL ikirundikana tafuta kinachoizuia. Kwake ilikuwa seva pacha, ile inayonakili data ya seva kuu, iliyozimwa zamani, lakini seva kuu bado inaitunzia mafaili. Tulipoiondoa kwenye orodha ya wanaosubiriwa, PostgreSQL ikayafuta yenyewe.