Je, wajua? Mashine inayosema kweli kwa mpira inadanganya kwa chuma

Chukua kipande cha chuma, kibane juu na chini kwenye mashine ya kuvuta, anza kuvuta polepole huku kompyuta inachora grafu ya nguvu dhidi ya urefu ulioongezeka. Kwa nini grafu inaonyesha chuma kimelegea kuliko kilivyo kweli? Swali hili mi nililijibu kwa kujiamini sana nilipoanza kujifunza mambo ya vipimo vya materiali, na nilikosea.

Kidogo tu kuhusu tunachokitafuta. Moduli ya Young ni namba inayosema kitu kinakataa kunyumbuka kwa kiasi gani, na kwa chuma cha kawaida ni kama gigapaskali 200 (gigapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo), alumini kama 70. Mimi nikapata 27. Chuma changu kimekuwa laini kuliko alumini, tena kwa mbali!

Nikasema sampuli feki. Baadaye nikatulia nikasema hapana, labda ni bahati mbaya tu, nirudie nichukue wastani. Nikarudia mara kumi, ikatoka 27.4, 27.6, 27.5, zimefuatana kama zimenakiliwa, na hapo ndo nikaharibikiwa kabisa manake nilianza kuamini. Namba zinazokubaliana hivyo zitakuwaje za uongo? Mpaka fundi wa maabara akapita nyuma yangu akauliza, "Sasa hapo umepima chuma au umepima mashine?"

Hili la wastani nalikazia kwa sababu karibu kila anayeanza analo kichwani. Wastani unatibu yumbayumba tu, zile tofauti za kubahatisha za juu na chini, yaani vipimo 100 vinapunguza yumbayumba mara 10, sawa, lakini kosa linaloegemea upande mmoja kila siku halipungui hata chembe, hata upime mwaka mzima. Mfano wa ajabu kuliko wote ni darubini ya anga ya Hubble. Kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa uangalifu wa kutisha, kikatoka laini ajabu, ila umbo silo: ukingoni kimepungua kwa kama mikromita 2.2. Chanzo ni kwamba kifaa cha kukagua kioo kilikuwa na lenzi iliyokaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, kwa hiyo wasuguaji walikifuata kwa utiifu kosa la kifaa. Kinachoniuma zaidi, vifaa vingine viwili vilionyesha kuna tatizo, vikapuuzwa kwa sababu vilihesabiwa kuwa si vya kuaminika kama kile kilichokosea. Darubini ikarushwa 1990, picha zikatoka na ukungu, marekebisho yakaja kufanyika hukohuko angani Desemba 1993.

Haya turudi kwenye chuma. Mashine inapima urefu kwa kuangalia boriti yake, ile sehemu inayosogea kuvuta sampuli, imesogea kiasi gani, lakini boriti ikisogea sio sampuli peke yake inayovutika, nguzo za mashine nazo zinanyumbuka, taya zinajikaza na kuteleza kidogo, skrubu zinakaa sawa. Fikiria waya umepigiliwa ukutani, ncha yake ya pili umeifunga kipande cha mpira, halafu unavuta ule mpira. Mkono unarudi nyuma kweli, ila mtu anayeangalia mkono tu atasema "waya huu unavutika kweli kweli", kumbe waya umetulia, kinachorefuka ni mpira. Mashine ndo huo mpira.

Hesabu ndo inanifurahisha. Sampuli ya kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 50, ukiivuta kwa kilonyutoni 10, inarefuka milimita 0.032 hivi. Mashine, tuseme inanyumbuka milimita moja kwa kila kilonyutoni 50, itachangia 0.2. Jumla 0.232, na sehemu kubwa ya hiyo sio ya chuma kabisa. Weka 0.232 kwenye fomula ya moduli (nguvu kwa eneo, gawanya kwa urefu ulioongezeka kwa urefu wa awali), inatoka gigapaskali 27 na kitu. Sasa weka mpira wa umbo lilelile: kwa nyutoni 10 tu unarefuka milimita kadhaa, na mashine inachangia milimita 0.0002, yaani hakuna kitu. Mashine ileile, siku ileile, kwa mpira ni mkweli na kwa chuma ni mwongo! Anayeanza na mpira anaweza kumaliza mafunzo bila kugundua.

Utasema basi tupime mnyumbuko wa mashine tutoe. Watu wanafanya hivyo na inasaidia, ila kuwa makini: unatoa 0.2 kwenye 0.232, kwa hiyo ukikosea mashine kwa asilimia 5 tu, yaani 0.01, chuma umekikosea kwa asilimia kama 30. Halafu taya hazikai vilevile kila mara, hasa nguvu ikiwa ndogo, kwa hiyo masahihisho ya jana si lazima yafae leo.

Dawa ya kawaida ni ekstensomita, kifaa kidogo chenye ncha mbili kama visu kinachong'ata sampuli yenyewe na kupima umbali kati ya hizo ncha mbili tu, mashine ijivute itakavyo. Nilipokifunga ile namba ikapanda mpaka kwenye 200. Nacho lakini kina vituko vyake. Visu vikiteleza kinaona urefu ulioongezeka ni mdogo kuliko ule wa kweli, na moduli inaruka juu badala ya kushuka, kwa hiyo ukiona chuma chako kimefika gigapaskali 260 usikimbilie kuandika umegundua aloi (mchanganyiko wa metali) mpya, kaangalie kwanza klipu zimekaza.