Je, wajua kwa nini waogeleaji wa mashindano hufanya mazoezi ya kuvuta pumzi?

Mwogeleaji akigusa ukuta baada ya mita 200, macho yetu huenda kwenye mabega na miguu. Lakini hata kifua chake kimechoka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 ulipima nguvu ya waogeleaji ya kuvuta hewa kabla na baada ya mita 200 za kasi, ukakuta imeshuka kwa takriban asilimia 29.

Kuvuta pumzi ni kazi ya misuli: kiwambo, kilicho kati ya kifua na tumbo, hushuka huku misuli ya mbavuni ikitanua kifua. Mkimbiaji hupumua apendavyo. Anayeogelea mtindo huru hungoja mpaka ageuze kichwa, na hapo ana muda usiofika hata sekunde moja wa kujaza mapafu, huku maji yakimkandamiza kifua.

Linalonishangaza zaidi ni kinachofuata misuli hiyo ikichoka. Mwili hauko tayari kuacha kupumua, kwa hiyo neva hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu. Damu inayofika huko hupungua, na mwogeleaji huhisi mikono mizito kumbe chanzo kiko kifuani.

Ndiyo maana wengine hutumia kifaa kidogo chenye valvu na springi. Unabana pua, unauma mdomo wa kifaa, unavuta kwa nguvu mpaka valvu ifunguke; kisha unatoa pumzi taratibu. Kawaida ni pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, kwa mzigo wa karibu nusu ya nguvu zako zote, kwa wiki 4 hadi 6. Mapafu hayaongezeki ukubwa. Kinachoimarika ni misuli.

Je, inasaidia? Katika utafiti wa mwaka 2010, muda wa mita 100 ulipungua kwa asilimia 1.7 na wa mita 200 kwa asilimia 1.5, ila mita 400 hazikunufaika. Kwa anayemaliza mita 100 kwa dakika moja, hiyo ni sekunde nzima, na sekunde moja kwenye fainali ni pengo kubwa mno. Kwa waogeleaji wa kiwango cha juu faida inaweza isionekane, kwa kuwa kuogelea kwenyewe kumeshaijenga misuli hiyo.

Tafadhali usichanganye zoezi hili na kubana pumzi chini ya maji. Kuhema harakaharaka kabla ya kuzamia hupunguza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo hukusukuma uvute pumzi, na mtu anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote. Zoezi la kifaa hufanywa nchi kavu, umekaa au umesimama wima.