Milima ya chini ya bahari: ni mchoro, si picha ya setilaiti

Katika magrupu ya Mtwara na Lindi kuna picha isiyoisha kuzunguka: sakafu ya bahari, milima myekundu, mabonde ya buluu iliyokoza, na maelezo kwamba setilaiti imepiga picha chini ya maji ikaona barabara za mji uliozama.

Picha ni nzuri kweli, ila haikupigwa na kamera. Mwanga wa jua hufifia sana ukivuka mita 200 hivi, na kupita mita 1,000 ni giza tupu. Kina hupimwa kwa sauti: meli hutuma mlio na kusubiri mwangwi. Majini sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, sauti imekwenda na kurudi mita 6,000, na kina ni nusu yake, kama mita 3,000. Wazee wa Mikindani wanaojua kupima kina kwa bildi, yaani kamba yenye kizito, watalielewa hilo haraka. Setilaiti hupima mwinuko wa uso wa maji tu, kisha kina hukadiriwa kutokana na mwinuko huo.

Rangi huwekwa na binadamu. Ramani mashuhuri ya 1977 ilipakwa kwa mkono na mchoraji wa Austria kutokana na vipimo, na milima ilirefushwa makusudi ionekane. Macho kudanganyika si ajabu. Kazi ile ina ustadi mkubwa. Zile “barabara” nyoofu mara nyingi ni njia zilizopitiwa na meli za upimaji: hapo kuna vipimo halisi, pembeni ni makadirio.

Ikuze picha, utafute pembeni ufunguo wa rangi na kina. Ukiwepo, ni ramani. Umekatwa? Tafadhali usiisambaze.